i7 ya 2012 au i5 ya 2018 kwa kompyuta ya gemu?

Msomaji wa Morogoro anauliza:

"Kaka, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimejichanga mpaka nimekaribia milioni moja, nataka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu. Monita ninayo, ya 1080p. Dukani nimeonyeshwa mashine mbili za mtumba. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, boksi kubwa, ina i7-3770, RAM GB 16 na hadidiski ya GB 500. Ya pili ni HP EliteDesk 800 G4, lile boksi dogo la kulaza, ina i5-8500, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Hii ya pili imezidi kwa laki mbili. Muuzaji ananiambia nichukue ya kwanza, maana i7 ni kubwa kuliko i5 na RAM ni mara mbili. Rafiki yangu naye anasema niachane na zote nitafute Ryzen. Nacheza Valorant sana, GTA V, na mpira wa EA. Nishauri nisije nikajuta."

Kazi nzuri, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe: chukua yenye i5-8500, ila waulize kama wanayo hiyohiyo kwenye boksi kubwa la kusimama. Wakikosa, lile dogo linafaa kwa masharti nitakayokueleza. Ile i7 iache hata wakikupunguzia bei.

Muuzaji wako hajasema uongo, amesema nusu ya maneno. i7 ni kubwa kuliko i5 kama zote ni za kizazi kimoja. i3, i5 na i7 ni vyeo vya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, ndani ya ukoo, na ukivuka ukoo vyeo havilingani tena. Kinachokuonyesha ukoo ni namba iliyo baada ya kistari. 3770 inaanza na 3, basi ni kizazi cha tatu, prosesa ya mwaka 2012. 8500 ni kizazi cha nane, mwaka 2018. Kati yao kuna miaka sita, na miaka hiyo haikupita bure.

i7-3770 ina viini vinne vyenye nyuzi nane. Mfikirie mama lishe mwenye majiko mawili: akikoroga wali huku, maharage yanachemka kule, muda haupotei, ila mikono yake ni miwili ileile. i7 yako ni mama lishe wanne wenye majiko mawili kila mmoja. i5-8500 ni mama lishe sita, kila mmoja na jiko moja, na kila mmoja ana kasi kuliko wale wa zamani. Usidanganywe na gigahezi pia. Ya kwanza hupanda hadi 3.9 na ya pili hadi 4.1, ukitazama hivyo utadhani ni ndugu. Kumbe kwa kila mpigo mmoja wa saa, ya kizazi cha nane inamaliza kazi nyingi zaidi, na inalishwa na RAM ya DDR4 badala ya DDR3.

Sasa hizo gemu zako. Ili uone fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kutengeneza kila fremu. Ndani ya muda huo prosesa inahesabu nani yuko wapi, risasi imepiga nini, mtandao umeleta taarifa gani, kisha inaikabidhi kadi ya grafiki orodha ya vitu vya kuchora. Gemu yenye picha nzito humchosha mchoraji, prosesa ikakaa inamsubiri. Valorant ni kinyume chake. Picha zake ni nyepesi kwa makusudi, kadi ya kawaida inazimaliza haraka, anayesubiriwa anabaki kuwa prosesa. Ndiyo maana swali lako kwako wewe lina uzito kuliko kwa mtu anayetaka kuzurura tu mjini kwenye GTA.

Na usitazame wastani wa fremu peke yake. Watu hurekodi video za mashine hizi za zamani, pembeni inasomeka 90, mtazamaji anaridhika. Subiri watu watano waingie chumba kimoja na moshi umetupwa. Hapo namba inaanguka ghafla, picha inasita kidogo, ukija kuona vizuri umeshakufa. Kusitasita huko ndiko kunakoonyesha prosesa imezidiwa, na hakutibiki kwa kununua kadi ya bei.

Lakini hata tukiacha kasi pembeni, kuna jambo moja linalomaliza mjadala wa i7-3770 kwa mchezaji wa Valorant. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane upande wa Intel na mfululizo wa Ryzen 2000 upande wa AMD, pamoja na kile kitu kiitwacho TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine. Fundi atakwambia "hiyo si tatizo, naiweka kwa njia za panya", na kweli ataiweka, itawaka, utafurahi. Kisha utafungua Valorant, na ule ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu, Vanguard, utakagua kama Windows 11 yako ina TPM 2.0 na Secure Boot, ule ulinzi wa wakati mashine inawaka. Ikikosa unaletewa ujumbe wa VAN9001 na mchezo umeishia hapo. Nimeshaletewa mashine kadhaa za namna hiyo, mwenyewe anadhani intaneti ndiyo mbovu. Ukibaki Windows 10 utacheza kwa sasa, ila unanunua leo mashine ambayo mlango wake umeshaanza kufungwa. Na Valorant haiko peke yake: Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7, zote za 2025, zinadai mambo hayohayo.

Kuna lingine dogo la kiufundi. Prosesa za kizazi cha tatu hazina maagizo ya AVX2, ambayo Intel iliyaleta mwaka 2013 na kizazi cha nne. Zipo gemu mpya ambazo bila AVX2 hazifunguki hata kidogo. Hapo hakuna cha kupunguza ubora wa picha wala nini.

GTA V haikusumbui. Ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji ilikuwa i5-3470, kwa hiyo toleo lile la zamani linaenda kwenye mashine zote mbili. Mpira ndio umepanda daraja. EA Sports FC 24 ilitaja i5-6600K kuwa kiwango cha chini kabisa. i7-3770 inaweza kuufungua mpira na ukacheza, lakini unaanza safari ukiwa chini ya mstari.

Hilo la RAM GB 16 lisikutie tamaa. RAM ni kitu cha kuongeza mwenyewe kwa bisibisi moja, na ile ya DDR3 hutahama nayo kwenda popote. Kwenye HP waulize hiyo GB 8 ni kipande kimoja au viwili. Mara nyingi huwa kimoja, na hapo ongeza kingine cha GB 8 chenye kasi ileile. Unapata GB 16, na zaidi ya hapo RAM inaanza kufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja badala ya moja. Kwenye gemu zinazoegemea prosesa utaliona hilo kwa macho, hasa kabla hujanunua kadi ya grafiki, maana picha ya ndani, yaani grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, inakula RAM hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye boksi, maana hapa ndipo hela za wengi zinapozama. Huku kwetu tunaliita boksi zima "CPU", na ukifikiri vizuri si kosa kubwa: ukinunua prosesa ya mtumba kwenye mashine ya ofisi, umenunua pia mazabodi yake, pawa saplai yake na ukubwa wa bati lake, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kadi gani ya grafiki utaweka.

Lile boksi dogo linakubali kadi fupi tu, zile za nusu kimo. Kadi ya kawaida haifungiki, bati halitafunika. Ukilichukua, tafuta kadi zilizotolewa kwenye kompyuta za wachoraji wa majengo: Nvidia T600 inayokula wati 40, au T1000 inayokula wati 50. Zote ni nusu kimo, ni nyembamba, na zinapata umeme kwenye soketi yake bila waya wa pembeni. T1000 ina viini 896 vya kuchora, idadi ileile ya kadi ya gemu ya GTX 1650. Kasoro yake, matundu yake ni mini DisplayPort, kwa hiyo ongeza hela ya kigeuzi cha kwenda HDMI, vinginevyo utafika nyumbani usiku na kadi nzuri isiyo na pa kuchomeka. GTX 1650 fupi nazo zipo, ila nyingi ni nene, zinachukua nafasi mbili. Fungua boksi upime kwa rula kabla ya kulipa.

Boksi kubwa linakupa uhuru. GTX 1650 ya kawaida ni wati 75, inaingia na kuwaka, mradi usipewe zile zenye tundu la umeme la pini sita juu yake. Hizo zinataka waya ambao pawa saplai ya ofisi aghalabu haina. Na usijiambie kwamba utabadilisha pawa saplai baadaye. Dell walikuwa wakitumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye 7010, lakini kwenye 9020 iliyofuata wakahamia plagi yao wenyewe ya pini 8, na HP nao wana zao. Vigeuzi vinapatikana, lakini hapo umeshaanza kuongeza gharama juu ya gharama. Mimi husema hivi: kwa mashine ya ofisi, wati 75 bila waya ndio mpaka. Ukitaka kuuvuka, jenga kompyuta yako mwanzo mwisho.

Kadi mbili za bei nzuri nakuomba uzipite. RX 6400 inavutia kwa udogo wake na wati 53, lakini inazungumza na mazabodi kwa njia nne tu, na mashine unazotazama ni za PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha njia hizo, kwa hiyo sehemu ya nguvu yake inabaki njiani. Nyingine ni Intel Arc. Hizi zinategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, ambacho mashine za umri huu hazina.

Habari njema ni kwamba kadi si lazima uinunue siku hiyohiyo. i5-8500 ina picha ya ndani iitwayo UHD 630, na Valorant kwa picha za chini inachezeka. Chukua mashine, ongeza RAM, cheza mwezi mmoja au miwili huku unatafuta kadi kwa utulivu. Anayenunua vyote kwa siku moja na hela imembana mfukoni ndiye anayeuziwa chochote.

Rafiki yako wa Ryzen ana hoja. Ryzen 5 2600 ya 2018 ina viini sita na nyuzi kumi na mbili, na 3600 ya 2019 ni bora zaidi kwa gemu. Uzuri wake mkubwa ni soketi ya AM4: mazabodi ya B450 unayonunua leo na 2600, kesho ukisasisha BIOS, ile programu ya mazabodi inayowasha mashine, inapokea Ryzen 5 5600 ya 2022 bila kubadilisha kitu kingine. Mashine ya ofisi haikupi njia hiyo. Ila piga hesabu yote. 2600 na 3600 hazina picha ya ndani, bila kadi unatazama monita nyeusi. Unahitaji mazabodi, RAM, pawa saplai, boksi, SSD na kadi, vyote kwa mkupuo. Kwa milioni kasoro utalazimika kubana mahali, na watu hubana kwenye pawa saplai, wanachukua ile nyepesi kama kopo tupu. Kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, hapo sikubali. Ukiweza kusubiri na kujichanga zaidi, Ryzen. Ukitaka kucheza muhula huu, HP. Na ukikutana na Ryzen 5 1600 ya bei poa, kumbuka kizazi hicho cha kwanza hakimo kwenye orodha ya Windows 11.

Kuna mtu pia atakuja na hila ya tatu: nunua boksi la i5-6500 kwa bei ya chini, kisha baadaye utachomeka i5-8500. Usijaribu. Hilo nililifanya mwenyewe nikiwa bado mbichi kwenye kazi hii. Kizazi cha sita, cha saba na cha nane vyote vinatumia soketi iitwayo LGA1151, jina ni lilelile, na prosesa inakaa kwenye soketi vizuri kabisa, unafunga kikamatio bila kulazimisha. Niliwasha, feni ikazunguka, taa ikawaka, monita kimya. Nikabadilisha RAM, nikabadilisha waya, nikafuta kumbukumbu ya BIOS, usiku mzima. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba zinaingiliana, na kwa kuingia kweli ziliingia. Kilichokuwa kimebadilika ni chipseti, chipu ya mazabodi inayofanya kazi na prosesa: kizazi cha nane kinataka mazabodi za mfululizo wa 300, na yangu ilikuwa H110, ya mfululizo wa 100. Prosesa ilikuwa nzima, nikaiuza kwa hasara.

Herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa nayo isome. T inamaanisha imebanwa ili itumie umeme kidogo: i5-6500 inaanzia gigahezi 3.2, i5-6500T inaanzia 2.5. F inamaanisha haina picha ya ndani. U ni ya laptopu, na hapo kuna vituko: i7-7500U ina viini viwili tu, i7 nzima! Kama utasikia habari za FX-8350, ile ya AMD yenye "viini vinane" ya 2012, pita moja kwa moja. Inakula wati 125, na hesabu ya hivyo viini vyake iliifikisha AMD mahakamani Marekani, wakaishia kulipa dola milioni 12.1 ili kesi iishe.

Ukienda dukani, beba flashi yenye CPU-Z na HWMonitor. Usitosheke na stika ya nje, stika hubandikwa. Fungua CPU-Z usome jina la prosesa na uone RAM inafanya kazi kwa njia moja au mbili. Kisha iachie kazi nzito kwa dakika kumi na tano huku unatazama joto. Ikikaa kwenye nyuzi sabini na kitu, sawa. Ikikimbilia tisini dakika za mwanzo, pesti iliyo chini ya feni imekauka. Nikizifungua mashine za ofisi huwa naikuta ngumu kama chokaa, unaikwangua kwa ukucha. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguziwa bei. Pesti mpya ni hela kidogo na kazi ya nusu saa.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: zima, washa tena, bonyeza F10 mfululizo kama ni HP, F2 kama ni Dell, uingie kwenye BIOS. Mashine hizi zilikuwa za makampuni, na baadhi zimeuzwa na nywila ya msimamizi bado imo. Windows itawaka kama kawaida, hutajua chochote, mpaka siku unataka kuwasha Secure Boot ili Valorant ikukubali, unaulizwa nywila ya mtu wa IT asiyejulikana yuko nchi gani. Ikiuliza nywila, waambie waiondoe mbele yako au wakupe nyingine. Isipouliza, washa Secure Boot na uhakikishe TPM inasomeka hapohapo dukani, kabla hela haijatoka mkononi.

Kadi ya grafiki utakayoonyeshwa, niandikie jina lake lote kama lilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, usikate hata herufi moja. Wapo wanaouza "RX 580" na mwishoni kwa maandishi madogo pamefuatia 2048SP. RX 580 halisi ina viini 2304, hiyo nyingine ni sawa na RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Na zote mbili zinataka waya wa umeme ambao boksi lako halina.